Nguzo Iliyohamahama

Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya kengele, Shakila aliweka ndoo yake ya maji kwenye mlango wa darasa lake, la sita, kisha akazunguka nyuma ya jengo kuangalia nguzo. Nguzo haikuwepo.

Hakushtuka. Alichoka tu. Alishika kiuno, akalitazama lile shimo tupu, halafu akasema kwa sauti ya mtu mzima aliyechoshwa na watoto, "Tena."

Nguzo yenyewe ilikuwa mti mkavu, mrefu kidogo kuliko mwalimu mkuu. Juu yake palifungwa kofia ya plastiki nyeupe, mfano wa bakuli lililofunikwa, na chini ya kofia vilining'inia visahani viwili vidogo. Kimoja kilinasa salfa iliyomo hewani. Kingine kilinasa naitrojeni, ile inayotoka kwenye moshi wa mashamba yanayochomwa na kwenye injini za pikipiki na malori. Kila mwisho wa mwezi visahani vilitolewa, vikapelekwa maabara Dar es Salaam, na vipya vikawekwa mahali pake. Kazi hiyo ilianza kijijini Chilangala tangu Shakila hajaanza shule.

Mwalimu Yuster, mwalimu wa sayansi aliyetoka Lupaso kule Masasi, ndiye aliyemkabidhi Shakila ulinzi wa nguzo. "Nimekuchagua kwa sababu husahau kitu kwa urahisi," alimwambia. Shakila alifurahi siku hiyo. Hakujua anapewa mzigo. Mbuzi walijikuna kwenye nguzo. Watoto wa darasa la pili walitundika masweta yao pale wakati wa mpira. Mpishi wa uji alianika matambara ya jikoni. Kila mtu alipokatazwa alisema, "Samahani, sikujua," na kesho yake akafanya vilevile.

Lakini tangu shule ifunguliwe mwezi Julai, tatizo lilikuwa jingine. Nguzo ilikuwa inahama.

Shakila aliitafuta na kuikuta nyuma ya tenki la maji, upande wa kaskazini, ambako kuta za madarasa huzuia upepo. Ilikuwa imesimamishwa vizuri na kukazwa kwa mawe. Mbuzi wana ukorofi mwingi, ila hakuna mbuzi anayesimika nguzo na kuikaza kwa mawe.

Alikuwa anaiburuta kuirudisha Mwalimu Yuster alipotokea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo umeikuta wapi?"

"Nyuma ya tenki."

Mwalimu Yuster alifumba macho kidogo kama mtu anayeumwa jino. Baadaye, kwenye mstari, alizungumza mpaka watoto wa mbele wakaanza kupepesuka kwa uchovu. "Nimesema kwa Kiswahili. Kama hakieleweki nitamtafuta mtu awaambie kwa Kimakonde. Ile nguzo ikihamishwa, tunapima hewa ya nyuma ya tenki, na nyuma ya tenki haishi mtu. Nani anaihamisha?"

Wanafunzi walitazamana. Macho ya mwalimu yakamwangukia Huruma, mvulana mrefu wa darasa la sita ambaye mwaka uliopita aliipanda nguzo hiyo kufuata mpira na nusura aivunje.

"Si mimi, mwalimu," alisema Huruma kabla hajaulizwa.

"Mbona unajitetea na sijakutaja?"

Basi Huruma akapewa adhabu ya kumwagilia miche ya miti kila jioni mpaka nguzo itakapotulia. Maji ya huku Newala si ya kuchezea. Kila ndoo ilibebwa kutoka mbali. Huruma alimwagilia huku amenuna, na marafiki zake walimwita Bwana Miti.

Nyumbani mambo hayakuwa na nafuu. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, na salfa ilikuwa kila mahali. Asubuhi ilitua kwenye sahani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye maji ya mtungi uliosahaulika wazi. Ilikuwa unga laini wa njano, na macho yalichoma kana kwamba mtu anakata kitunguu. Mama yake Shakila alifuta meza asubuhi, akaifuta mchana, akaifuta tena jioni, na kila alipoifuta aliguna.

Aliyeteseka zaidi alikuwa Sadallah, mdogo wake Shakila, wa darasa la kwanza. Sadallah alikuwa na pumu. Miezi ya mvua alikimbia na kupiga kelele kama watoto wengine. Ikifika Juni alianza kukohoa, Julai akalala amekaa, na Agosti mama alikuwa anajua njia ya zahanati hata akiwa amefumba macho. Majirani walipomsikia akikohoa walitikisa kichwa na kusema, "Ni msimu tu. Utapita."

Shakila alilichukia neno hilo. Msimu si mtu. Msimu haubebi mashine mgongoni.

Aliyebeba mashine mgongoni alikuwa Mjomba Dauda, kaka yake mama. Baba yake Shakila alifanya kazi ya ufundi magari Masasi mjini na alirudi mara chache, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba hiyo. Yeye ndiye aliyenunua sare za Shakila. Yeye ndiye aliyeezeka upya paa mvua ilipolivujisha. Alikuwa na mashine ya kupulizia, na watu wengi wa Chilangala walimwita mashambani mwao kwa zamu. Wateja walipozidi, kazi iliyopaswa kufanyika alfajiri, majani yakiwa na umande na hewa imetulia, ilisogea mpaka saa za shule, jua limepanda na upepo wa kipupwe umeamka. Salfa iliyotakiwa kushika kwenye maua ya mikorosho ikawa inasafiri.

Jumamosi moja alasiri Shakila alirudi shuleni kuchukua jembe alilolisahau. Uwanja ulikuwa kimya. Alipopita kona ya darasa la sita alimwona mtu ameibeba nguzo begani, kofia nyeupe ikiyumba nyuma yake. Alimjua kwa mwendo kabla hajageuka.

"Mjomba?"

Mjomba Dauda alisimama. Hakuitupa nguzo wala hakukimbia. Aliishusha polepole, akaiegemeza ukutani.

"Shikamoo, mjomba," alisema Shakila, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba, mpwa wangu. Unafuata nini shuleni leo?"

"Jembe. Na wewe?"

Mjomba alicheka kidogo, lakini cheko halikufika mbali. Alikaa juu ya jiwe. "Sikiliza. Wewe ulikuwa mdogo mwaka ule ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, ulipotushinda. Maua yote yalikuwa meupe kama yamenyunyiziwa unga wa muhogo, kisha yakakauka. Hatukuokota korosho hata za kukaanga. Bila salfa, mwaka ule unarudi. Watu wa visahani wamepima miaka yote, na mwaka huu tayari wapo wanaotaka tubadili saa za kupulizia. Leo wanapima, kesho wanatangaza kwamba hewa ya Chilangala ni mbaya, keshokutwa tunasikia salfa marufuku. Tutakula nini?"

"Mwalimu hajasema salfa itapigwa marufuku."

"Mwalimu hana mikorosho."

Shakila alisogea karibu na nguzo. Akasema, "Mwalimu amempa Huruma adhabu. Anadhani ni yeye."

Mjomba alichokonoa udongo kwa kijiti. "Huruma kijana mkubwa. Kumwagilia miche hakutamuua." Kisha akainuka, akaibeba nguzo tena. "Hili ni letu sisi wawili. Mjomba wako hajawahi kukuomba kitu."

Ni kweli hakuwahi. Hilo ndilo lililomuudhi Shakila kuliko yote. Alirudi nyumbani bila jembe.

Jioni alimfuata mama jikoni, akaanza kwa kuzunguka. "Mama, mtu unayemheshimu akifanya kosa, na mwingine akaadhibiwa kwa ajili yake..."

Mama aliacha kusonga ugali. Alimtazama binti yake, akatazama nje, kule ambako nyumba ya kaka yake ilionekana. "Shakila, kama ni huyo ninayemdhania, usinitajie. Nikijua itabidi niseme, na nikisema kutakuwa na ugomvi katika nyumba hii." Akaendelea kusonga, kwa nguvu kuliko ugali ulivyohitaji.

Kuanzia hapo ukawa mchezo usiochekesha. Shakila aliirudisha nguzo, mjomba akaihamisha, Shakila akairudisha. Walipokutana njiani walisalimiana kwa adabu zote na hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mwalimu Yuster alizidi kukasirika, na Huruma aliendelea kubeba ndoo. Siku moja Huruma alimwambia Shakila, "Wewe ndiye mlinzi. Hujamwona mtu hata mara moja?" Shakila aliinama kufunga kiatu ambacho hakikufunguka.

Mwezi Agosti, siku ya Jumatano, watoto wakiwa darasani, mashine ilianza kunguruma katika shamba linalopakana na shule upande wa kusini. Upepo ulikuwa umeamka kitambo. Kwanza iliingia harufu, kisha macho yakaanza kuchoma, kisha Shakila akaona kupitia dirishani wingu la njano likivuka uwanja kuelekea madarasa ya wadogo. Mwalimu Yuster alipiga kelele madirisha yafungwe. Madirisha ya darasa la kwanza hayakuwa na vioo wala mbao. Yalikuwa matundu tu.

Watoto walitoka mbio wakikohoa, nyuso wamezifunika kwa masweta. Sadallah hakutoka mbio. Alitoka ameshikwa mkono na mwenzake, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, na kila pumzi ilipiga mluzi. Shakila alimfikia akiwa ameshaanza kukaa chini.

"Usilale. Kaa hivyohivyo. Nitazame mimi," alimwambia, huku amemshika mabega.

Mwalimu Yuster alisimamisha pikipiki iliyokuwa ikipita barabarani. Alimpakata Sadallah katikati, Shakila akapanda nyuma, na njia nzima mpaka zahanati Shakila aliusikiliza ule mluzi, akiomba uendelee, kwa maana kunyamaza kwake kungekuwa na maana mbaya zaidi.

Muuguzi alimvalisha Sadallah kifaa cha mvuke wa dawa puani na mdomoni. Polepole mabega yakaanza kutulia. Mama alifika akiwa na kanga moja tu, nyingine imeangukia njiani. Baada yake akaja Mjomba Dauda. Hakuwa amenawa. Nyusi zake zilikuwa za njano, na viatu vyake viliacha alama za njano kwenye sakafu iliyopigwa deki.

"Naomba usimkaribie na nguo hizo," muuguzi alimwambia. "Hicho ulichovaa ndicho kilichomleta."

Mjomba alirudi nyuma mpaka mlangoni. Shakila alimfuata nje. Alikuwa na hasira iliyomzidi umri.

"Mjomba, upepo ulikuwa unakwenda shuleni."

"Najua upepo ulikokuwa unakwenda," alijibu. Kisha akaongeza, "Nilikuwa na mashamba mengine mawili yananisubiri. Nikasema nimalize hili haraka." Alikaa kwenye ngazi ya zahanati mpaka jioni, na watu waliopita walipomuuliza hali ya mtoto aliitikia kwa kichwa tu.

Sadallah aliruhusiwa kesho yake. Wiki ile nguzo haikuhama.

Mwisho wa mwezi alikuja mtaalamu wa hewa, dada mmoja aitwaye Witness, ambaye hupanda uwanda wa juu kutoka Masasi kukusanya visahani vya shule za huku. Safari hii alikuwa na majibu ya Julai, na Mwalimu Yuster alikuwa amewaita wazazi na mwenyekiti wa kijiji. Walikaa katika madawati ya darasa la sita, magoti yamebana. Mjomba Dauda alikaa nyuma kabisa.

Witness alichukua chaki akachora ubaoni mstari unaopanda na kushuka kama vilima. "Huu ni mstari wa salfa," alisema. "Tazameni. Miezi ya mvua iko chini, karibu na sakafu. Mnapoanza kupulizia, inapanda. Inafika kileleni Julai na Agosti, kisha mvua zikianza inashuka tena. Kila mwaka kilima. Lakini angalieni kilima cha mwaka wa kwanza tulipoanza, na hiki cha mwaka jana. Vilima vinarefuka. Na salfa inaposhushwa na mvua haipotei, inaingia ardhini. Miaka ikizidi, udongo unakuwa mchachu, na mazao yenu mengine yataanza kudhoofika."

Kisha akachora mstari mwingine chini yake. "Huu ni wa naitrojeni. Wenyewe unapanda Septemba na Oktoba, mnapochoma majani. Na hata miezi isiyo na moto, sakafu yake inainuka kidogo kila mwaka. Pikipiki zimeongezeka, malori yameongezeka."

Wazee walitikisa vichwa. Hapo Witness akaongeza Julai ya mwaka huu kwenye mstari wa juu, na chaki yake ikashuka chini ghafla, mahali ambapo kilima kilipaswa kuwa kirefu kuliko vyote.

"Na hiki," alisema, "sikielewi."

Mwenyekiti wa kijiji alitabasamu. "Mbona ni habari njema, dada. Hewa imesafika yenyewe. Basi lile wazo la kubadili saa za kupulizia tuliweke kando, watu waendelee na kazi."

Sauti za kukubali zilisikika darasani. Shakila, aliyekuwa amesimama karibu na ubao kushika visahani vipya, alimwona mama yake akitazama sakafu. Sadallah alikuwa mapajani mwa mama, amelala, bado amekonda.

"Nani analinda nguzo?" Witness aliuliza.

"Mimi," alisema Shakila.

"Nguzo ilikaa mahali pake mwezi mzima?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Kila mtu mle ndani, isipokuwa mmoja au wawili, angefurahi.

"Hapana," alisema. "Ilikuwa inahamishiwa nyuma ya tenki. Mimi nilikuwa nairudisha, na yenyewe inahamishwa tena. Mara nyingi. Majibu ya Julai si ya kweli."

Mwalimu Yuster alimgeukia Huruma, aliyekuwa amechungulia dirishani na wenzake. Shakila akawahi.

"Si Huruma, mwalimu. Huruma hajawahi kuigusa. Aliyeihamisha ninamjua, na nilijua toka zamani nikanyamaza. Lakini ni mtu mzima, na ninamheshimu. Naomba aseme mwenyewe."

Dawati la nyuma lililia, na Mjomba Dauda akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Mtoto anasema kweli. Nilifanya kwa kuogopa salfa isije ikapigwa marufuku."

Minong'ono ilianza. Witness aliweka chaki chini, akajifuta mikono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepanda mlima mzima akaambiwa amepotea njia.

"Baba, nani amekwambia salfa inapigwa marufuku?"

"Hakuna. Niliwaza mwenyewe."

"Ungeniuliza. Kila mwezi niko hapa. Ninakunywa chai pale barabarani, hata hapo ungenikuta. Ni wazazi wa shule hii walioomba hewa ipimwe, kwa sababu watoto walikuwa wanaumwa macho. Walitaka kujua wapulizie saa ngapi na wakae umbali gani. Nimekuja kujibu swali lenu, na nyinyi mnanificha jibu. Sasa Julai imekufa. Siwezi kuirudia. Miaka yote hii ya kupima, na katikati nina shimo."

"Nisamehe," alisema mjomba.

"Usiniombe msamaha mimi peke yangu," Witness alijibu, akiwa bado na hasira, na akamtazama Sadallah.

Mjomba Dauda alitoka nyuma, akapita kati ya madawati mpaka dirishani alikokuwa Huruma. Mtu mzima kumwomba radhi mtoto mbele ya watu si jambo linaloonekana kila siku, na wengine waliangalia pembeni. "Umebeba maji kwa kosa langu," alimwambia. "Nisamehe, baba." Mwalimu Yuster naye akasimama. "Na mimi, Huruma. Nilikuhukumu kwa mpira wa mwaka jana."

Huruma hakujua aiweke wapi mikono yake. "Haina shida, mwalimu," alisema hatimaye. "Miche yenyewe imeshika."

Watu walicheka, na mazungumzo yakaanza upya. Yalikuwa marefu na yenye mabishano. Wenye mashamba makubwa walisema alfajiri haitoshi kwa mashine chache zilizopo. Mwenyekiti alitaka kila mtu aamue mwenyewe. Mama yake Shakila alimwinua Sadallah na kumkalisha wima. "Huyu hawezi kuamua mwenyewe avute hewa au asivute," alisema. Baada ya hapo mabishano yalipungua. Walikubaliana kwamba mashine zitafanya kazi alfajiri na kusimama upepo ukiamka, hata kama shamba halijaisha. Mashamba yanayopakana na shule yatapuliziwa siku zisizo za masomo. Na majani yaliyoanguka chini ya mikorosho iliyopuliziwa yasichomwe, kwa maana moshi wake hutoa gesi kali ya salfa. Yalundikwe yaoze.

Nje, Mwalimu Yuster alimvuta Shakila kando. "Ungeniambia mapema."

"Ningekwambiaje, mwalimu? Ni mjomba wangu."

Mwalimu alifikiri. "Ni kweli, lilikuwa gumu. Lakini wakati unalipima ugumu wake, mwenzako alikuwa anabeba ndoo." Jioni ile alimsaidia Huruma kumwagilia, ingawa adhabu ilikuwa imeshafutwa.

Msimu uliofuata Mjomba Dauda aliamka mapema kuliko jogoo, na alilalamika kila siku. Alilalamikia baridi, umande, na wateja waliomkasirikia alipozima mashine katikati ya shamba kwa sababu majani yameanza kutikisika. Baadhi walimwacha wakatafuta mwingine. Alilalamika, lakini alizima. Kabla ya kuingia nyumbani alibadilisha nguo nje na kunawa mpaka nyusi.

Witness alipoleta majibu, kilima cha salfa kilikuwepo bado, ila kilikuwa kifupi kuliko cha mwaka juzi. "Msisherehekee," alionya. "Msimu mmoja si ushahidi. Labda upepo ulitusaidia. Nipeni miaka mingine. Na mstari wa naitrojeni haujashuka hata kidogo, maana mioto ya mashamba mengine mmeiacha vilevile."

"Huyu dada hata habari njema anaitoa kwa kijiko cha chai," alinong'ona Mjomba Dauda, na mama akamkanyaga mguu anyamaze.

Sadallah alikohoa msimu huo pia, siku nyingine usiku kucha. Ila hakupelekwa zahanati hata mara moja, na mwezi wa Agosti alicheza mpira, golikipa, kwa kuwa golikipa hakimbii sana.

Shakila alipokaribia kumaliza darasa la saba, Mwalimu Yuster alimwalika Mjomba Dauda azungumze na wanafunzi watakaopokea kazi ya nguzo. Alikuja amevaa shati safi, akasimama mbele yao akikuna shingo kwa muda.

"Mimi si msemaji," alisema. "Nimekuja kwa sababu mpwa wangu alisema kweli siku ambayo mimi nilikuwa nangoja aseme uongo. Nilidhani nikikificha kipimo nitakuwa nimelinda mikorosho yangu. Kumbe nilikuwa nawazuia watu wasinifundishe namna ya kuipulizia bila kumuumiza mtoto wa dada yangu. Nyinyi mtapewa kazi hii, na kuna siku mtaona majibu hayapendezi, au mkubwa mmoja atawaomba myapendezeshe. Kataeni kwa adabu, lakini kataeni. Ukienda kwa daktari ukamdanganya unapoumwa, atakupa dawa, tena dawa nzuri, ila itakuwa ya mgonjwa mwingine."